Kilichokula Umeme Chini ya Kitambaa

Idrisa mwanangu,

Umekwenda Kisarawe kumuaga bibi yako, na ninavyomjua mama yangu hakuachii mpaka ule, ubebeshwe mihogo, na usikilize kisa cha marehemu babu yako na nguruwe pori mwanzo hadi mwisho. Kwa hiyo mchana wote huu ni wangu. Mteja wa kadi za harusi nimemwambia arudi keshokutwa. Nimekaa kwenye meza ile ile ilipokuwa kompyuta, sasa tupu, maana kompyuta yenyewe umeshaifunga kwenye boksi ukaizungushia blanketi kama mgonjwa wa malaria. Barua hii nitaichomeka humo humo, uikute Mbeya ukianza chuo. Nikikupa mkononi kesho asubuhi utaisoma mbele yangu, na mimi sitaki kuonwa nikilia na mtu ambaye bado namdai aniletee vyombo vichafu kutoka chumbani kwake.

Mambo ya kufua, kula na kuswali siandiki. Kama hayakuingia kwa mdomo wangu miaka yote hiyo, hayataingia kwa karatasi. Ninachotaka kukuandikia ni habari ya Dada Paulina, yule mpangaji wetu wa chumba cha uani.

Najua umeshtuka. Kaa chini, kunywa maji, endelea kusoma.

Nitaanza mwanzo, hata kwa yale unayoyajua, kwa sababu wewe uliyaona kwa upande wako, na upande wangu hujawahi kuusikia.

Unakumbuka yule mwenzangu wa Maili Moja alivyotoa kadi zenye maua ya dhahabu, wateja wote wakamkimbilia? Nilikosa usingizi. Nikakuuliza anatumia nini, ukaniambia kuna programu maalumu ya kuchorea, ila inalipiwa. Nikacheka. Nikakwambia, "Nani analipia programu nchi hii? Tafuta ya bure. Ada zote hizo nilizokulipia, njia huijui?" Maneno yangu hayo, sijasingiziwa. Ukaitafuta, ukaishusha kwa bando langu, ukaiweka. Na kadi nikazitengeneza, wallahi zilipendeza. Bibi harusi mmoja wa Gwata alizionyesha mpaka kwa watu asiotaka kuwaalika.

Kompyuta ile ilikuwa haizimwi. Fundi wa zamani aliniambia mashine kuukuu ukiizima na kuiwasha kila mara inakufa haraka, nami nikalishika neno lake kama amri. Jioni nazima skrini, nafunika boksi la mashine kwa kile kitambaa changu cha tausi nilichodarizi mwenyewe, naenda zangu kulala nikijua na yenyewe imelala. Kila ilipoomba isasishwe nilibonyeza "baadaye", nisimalize bando. Nilikuwa najiona mama mwenye akili ya kubana matumizi. Kumbe!

Ndipo mita ya LUKU ikaanza kulia. Umeme wa mwezi mzima unaisha mwezi uko katikati. Naongeza, unaisha. Mara tukapandishwa kutoka kwenye ile bei nafuu ya watumiaji wadogo, na hasira zangu zikapanda pamoja nayo. Nyumba ina mita moja, wanaoitumia ni sisi na Paulina. Sasa niambie, mwenye nyumba umeme ukimwishia ovyo, anamtazama nani? Anamtazama mpangaji. Anatega sikio kama kuna jiko la umeme linachemka kule uani. Nami nikatega.

Dada wa watu katoka kwao Babati, anafanya kazi kiwandani Zegereni. Asubuhi anatoka na ovaroli limenyooka, jioni anarudi miguu imevimba, na "shikamoo mama" yake haikosi hata siku moja. Mimi nikaligeuza ovaroli lile kuwa ushahidi. Nikamwita mjumbe wa mtaa, majirani wakajaa, nikasema hakuna mtu anayenyoosha nguo namna ile kila siku bila pasi ya umeme, na hita ya maji anayo kaificha. Paulina akajibu taratibu, "Mama Idrisa, ovaroli langu nalitandika chini ya godoro, nalilalia."

Watu wakacheka. Nami nikasema, "Basi hilo godoro lako linakula uniti."

Wakacheka zaidi, na unanijua, nikipata wasikilizaji sijui kusimama. Niliyoyasema baada ya hapo siyarudii hapa. Wewe ulikuwa mlangoni umeshika jagi la maji. Hukucheka. Niliona kwamba hucheki, na sikukuuliza kwa nini.

Mwisho wa mwezi Paulina akahama. Ulimbebea godoro mpaka barabarani, na uliporudi nikakusema kwa kumbebea.

Halafu LUKU ikaendelea kulia vile vile.

Chumba cha uani kitupu, kimefungwa kufuli, na umeme unakwenda! Nilimpigia bibi yako, akasema hiyo ni chuma ulete, kuna mtu ananivuta mali kichawi, nitafute mtaalamu. Nilikaribia kukubali, Mungu anisamehe, maana ilikuwa rahisi kuamini uchawi kuliko kuamini kwamba nimemwonea mtu. Ila mchana mmoja, wewe uko shule, nikasema ngoja kwanza. Nikachomoa friji. Nikachomoa redio, pasi, chaja zote. Mita yetu si iko ukutani nje ya dirisha la sebule? Nikachungulia kile kitaa chekundu kinachokonyeza haraka umeme ukitumika sana. Kinakonyeza utadhani nimewasha pasi mbili. Nyumba nzima imezimwa, imebaki kompyuta "iliyolala".

Nikafunua kitambaa. Joto likanipiga usoni kama nimefunua hotipoti ya chapati, na feni ndani inahema. Nikawasha skrini, nikagusa mausi. Kimya. Feni ikatulia, na nilipochungulia dirishani kitaa kilikuwa kinakonyeza polepole. Nikaiacha mausi, nikakaa kwenye kochi bila kugusa kitu. Haikupita muda ikaanza tena kuhema. Idrisa, mwili ulinisisimka. Kitu kile kilikuwa kinajua mtu akiwepo na mtu akiondoka.

Fundi wa stendi niliyempelekea kompyuta alinieleza kwa lugha nyepesi. Ni programu iliyojificha, ilikuja imepakiwa ndani ya ile programu yetu ya bure. Kazi yake ni kuitumikisha kompyuta yako kwa faida ya mtu usiyemjua. Inampigia mahesabu ya sarafu za mtandaoni, yeye anavuna, wewe unalipa umeme. Ukikaa kwenye kiti inajibanza, ukiondoka inaamka. Akasema kuna nyingine zinajisajili kwenye huduma za kulipia kwa laini iliyo ndani ya modemu, salio linakwenda na hujui limekwendaje. Nikamuuliza imeingiaje wakati antivairasi nilikuwa nayo. Akanionyesha: ulinzi ulizimwa siku ile ile programu ilipowekwa, na haukuwashwa tena.

Nikatoka pale nimejaa. Njia nzima napanga maneno ya kukupasua, nayachagua yale makali makali. Nimefika karibu na wale akina mama wanaokaanga samaki, nikapunguza mwendo, na ndipo nilipokumbuka. Siku ile ya kuweka programu nilikuwa jikoni nakaanga vibua. Uliniita kutoka sebuleni: "Mama, inasema nizime ulinzi kwanza ndiyo iingie. Nizime?" Nami bila hata kugeuka nikakujibu, "Zima, utawasha baadaye."

Nilikaa kwenye kibaraza cha watu mpaka mwenye nyumba akatoka kuniuliza kama naumwa.

Kwa hiyo haya ninayokwambia kuhusu hiyo kompyuta hayatoki kwa mjuzi, yanatoka kwa mkaanga samaki. Chochote kinachokuomba uzime ulinzi ndipo kiingie, kikatae, hata kiwe kizuri namna gani, hata mama yako apige kelele kutoka jikoni. Fundi aliifuta yote, akaanza upya, akaiwekea majina mawili ya kuingilia: moja la kazi za kila siku, ambalo haliwezi kuingiza programu, na jingine la mwenye kompyuta, lenye neno la siri. Utaona ni usumbufu kuandika neno la siri kila unapotaka kuweka kitu. Vumilia. Mimi usumbufu huo ulinikuta mara ya kwanza nikakasirika, kisha nikagundua kumbe ndiyo nafasi pekee ninayopata ya kujiuliza ninaingiza nini nyumbani. Ikitaka kusasishwa iache isasishwe. Bando likiisha utaniambia. Ukimaliza kazi izime yote, siyo skrini peke yake. Laini ya modemu isiwe ile unayotunzia pesa. Na uwe unaiwekea mkono pale juu, na sikio. Ikipata moto wakati huna kazi nayo, usijiambie ni uzee. Kitambaa cha tausi usikitafute, nimekifanya cha kushikia sufuria.

Lakini hayo yote hata fundi wa Mbeya angekwambia. Kilichonikalisha mezani ni kingine.

Ulisema huko mtakuwa wanne kwenye nyumba moja ya kupanga, mita moja. Umeme utaanza kuisha siku moja, huo ndio umeme, na mtaanza kutazamana. Na nakuhakikishia atatazamwa yule asiye na ndugu pale, au mwenye lafudhi ya mbali, au yule mnyonge asiyejua kujibu. Mimi nilimtazama hivyo Paulina. Usije ukamtazama mtu hivyo kabla hujafungua boksi lako mwenyewe ukaangalia ndani.

Nilimfuata Zegereni. Hilo hulijui. Nilikwambia naenda kununua karatasi za kadi. Anakaa chumba kimoja nyuma ya kiwanda, kuna vumbi na kelele za malori, nikabisha hodi huku moyo unanidunda kama nimekuja kuposa. Akafungua, akasema "shikamoo mama" ile ile, akanipa kiti kimoja alichonacho, yeye akakaa kitandani. Nikaanza, "Mwanangu, nimekuja kuomba radhi, ule umeme..."

Akanikatiza. "Mama Idrisa, hayo nayajua. Mwanao alishakuja."

Nikamuuliza, "Mwanangu yupi?" Kana kwamba ninao kumi.

Akasema, "Idrisa. Hata vyombo sijamaliza kupanga, alikuja, akakaa hapo hapo ulipokaa. Alilia, mama. Akasema anaisikia ile mashine inahema watu wakitoka, anahisi ndiyo inayokula umeme, amejaribu kuitoa programu lakini inarudi. Akasema ulinzi aliuzima yeye, yeye peke yake. Wewe hakukutaja. Akaniomba kitu kimoja tu, nisikwambie. Akasema, 'Mama akijua, nitakuwa hadithi Kisarawe nzima.'"

Nilitamani lori mojawapo lipite juu ya kile chumba.

Kwa sababu nilijua mara moja unasema nini. Ulipokuwa kidato cha pili ulimwaga chai kwenye kadi za mteja, kazi ya wiki nzima, nami nilipomaliza kufoka hapa nyumbani sikuona inatosha. Nilikwenda na habari hiyo Kisarawe kwenye harusi ya binamu yako, nikaisimulia kwa vitendo, nikakuigiza unavyokimbia na kitambaa huku chai inachuruzika, watu wakalia kwa kucheka. Wajomba zako wakakuita Fundi Chai. Bila shaka hata mchana huu, huko uliko, yupo aliyekuita hivyo. Mimi nilidhani ni utani. Ulikuwa unacheka nao, na mimi nikaona basi mtoto hana neno. Kila ulipoharibu kitu baada ya hapo, nilikibeba nikakipeleka kwa watu kama mboga mpya sokoni.

Wahenga wanasema mficha uchi hazai. Sawa. Lakini nilikuwa naanika kila kitu chako kwenye kamba ya nje, halafu nashangaa mbona mtoto huyu haniambii kitu.

Iliniuma, Idrisa. Niseme kweli, iliniuma kuliko umeme na kuliko aibu ya mbele ya Paulina. Ulifunga safari mpaka Zegereni kusema ukweli kwa mtu baki, na mama yako nilikuwa chumba cha pili, mlango uko wazi. Na bado ukanifichia samaki wangu. Ungeweza kusema "mama ndiye aliyeniambia nizime." Hukusema, hata kwa mtu niliyemdhulumu.

Paulina alisema amesamehe. Ila akasema, na alikuwa na haki, "Mimi nilisemwa mbele za watu, mama." Kwa hiyo nikarudi kwa mjumbe, nikaomba wale wale waitwe, nikasimama. Nikawaambia umeme ulikuwa unaliwa na kompyuta yangu, na aliyekiingiza hicho kidudu ni mimi kwa tamaa yangu ya vya bure, na Dada Paulina hakutumia hata uniti moja isiyo yake. Nikamrudishia alichochangia kwenye umeme. Wewe hukuwepo, na jina lako halikutajwa. Basi wakanicheka! Mpaka leo kuna jirani akiniona sokoni ananiita Mama Uniti, na kila akiniita nacheka, na kila nikicheka nakumbuka uso wako kwenye ile harusi ya Kisarawe.

Ulizisikia habari hizo mtaani. Ulirudi nyumbani ukasimama pale kwenye pazia, ukanitazama muda mrefu. Nikajua umejua kwamba siri ya kompyuta nimeijua. Nikangoja useme. Kumbe na wewe ulikuwa unangoja mimi. Ukachukua ndoo ukaenda bombani, nami nikaendelea kusonga ugali. Tangu siku hiyo tumekula meza moja, tumeangalia mpira, tumefunga mwezi mzima wa Ramadhani na kufuturu pamoja, na hakuna aliyelitaja jina la Paulina. Mimi mwenye mdomo huu niliogopa. Niliogopa nikifungua kinywa kitatoka kile nilichokizoea.

Sijakusimulia kwa mtu. Bibi yako hajui, wajomba zako hawajui, na hawatajua kutoka kwangu. Hilo ndilo jambo la kwanza lako nililoweza kulinyamazia, na nimelinyamazia mpaka likawa kosa jingine, maana ulihitaji niseme nawe.

Basi nasema sasa, kwa kalamu, kwa sababu kalamu haipazi sauti. Nisamehe. Wewe ni mtoto mwema, ulikuwa mwema kuliko mimi katika jambo hili lote, na nimechelewa mno kukwambia.

Ombi langu ni moja. Huko uendako utaharibu kitu. Labda utabonyeza pasipofaa, labda utamwamini mtu asiyeaminika, labda utafeli, sijui. Utakaa nalo kifuani na utaanza kutafuta mtu wa kumwambia. Siku hiyo usiende Zegereni ya huko. Nipigie mimi. Nitafoka, hapo sikudanganyi, umri huu sibadiliki kwa barua moja. Nitafoka mpaka jirani apunguze redio asikilize. Usikate simu. Niache nifoke nimalize, halafu nikinyamaza uniulize, "Mama, sasa tunafanyaje?"

Mama yako